Wakubwa Kusoma na Wadogo Shuleni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo walimu, wazazi na wanafunzi wenyewe huuliza shule inapotaka kuwaketisha wanafunzi wa madarasa ya juu na watoto wa darasa la kwanza na la pili ili wasome pamoja. Majibu yamelenga shule za msingi za serikali Tanzania Bara, zile ambazo darasa limefurika na kitabu kimoja kinazungukwa na watoto wanne. Mwalimu wa Kenya au Zanzibar ataona mengi yanamhusu, ila majina ya madarasa na ratiba atabadilisha mwenyewe.

Utaratibu wenyewe ni upi hasa?

Mkubwa mmoja, mdogo mmoja, kitabu kimoja, dakika 20, mara tatu kwa wiki. Mdogo anasoma kwa sauti, mkubwa anasikiliza na kumsaidia anapokwama. Basi. Mkubwa hafundishi somo jipya, hasahihishi daftari, hatoi jaribio. Kufundisha herufi, silabi na mwandiko kunabaki kwa mwalimu wa darasa ambaye amesomea kazi hiyo. Shule nyingi zinaharibikiwa hapa hapa: wanampa mtoto wa miaka kumi na mbili chaki na kundi la watoto kumi, wanamwita mwalimu msaidizi, halafu wanashangaa kuona anapiga kelele na kuchapa meza.

Kwa nini mwalimu wa darasa asiwasikilize mwenyewe?

Piga hesabu. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Ukiwa na watoto 90, na usipofanya kitu kingine chochote katika kipindi hicho, kila mtoto anapata sekunde 20. Kwa sekunde 20 mtoto anayeanza kusoma hajamaliza sentensi moja. Tangu michango ya lazima ifutwe mwaka 2016, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani wameingia darasani, jambo jema kabisa, lakini madarasa mengi hayakuongezeka kwa kasi hiyo wala walimu.

Muda kwenye ratiba si haba. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 ulitenga asilimia 80 ya muda kwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kinachokosekana ni sikio. Darasa kubwa linasoma kwa kuitikia: mwalimu anaelekeza kijiti ubaoni, watoto wanapaza sauti, ba, be, bi, bo, bu. Wanaojua wanavuta wimbo, wasiojua wanafumbua midomo, na kwa aliyesimama mbele darasa zima linasikika kama linasoma. Mtoto anaweza kujificha ndani ya sauti hiyo miaka miwili mizima, akaja kugundulika darasa la tatu anapopewa kitabu cha masomo mengine na hakuna wimbo wa kumbeba.

Kuna ushahidi kuwa inasaidia, au ni nadharia tu?

Upo, ingawa hauelekei upande mmoja. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani Peter Cohen, James Kulik na Chen-Lin Kulik walikusanya tathmini 65 za wanafunzi kufundishana. Kati ya 52 zilizolinganisha alama za mitihani, katika 45 waliofundishwa na wanafunzi wenzao waliwazidi wasiofundishwa. Waliofundisha nao walipanda. Huko Uskoti, katika wilaya ya Fife, shule za msingi 129 ziliingia kwenye jaribio la miaka miwili, na faida ilionekana pale mkubwa alipokaa na mdogo kuliko pale watoto wa darasa moja walipofundishana wenyewe kwa wenyewe.

Kwa upande mwingine, tathmini iliyotoka Uingereza mwaka 2015 ya wanafunzi wa sekondari kusoma kwa jozi haikuona tofauti yoyote ya maana. Mimi naisoma hivi: waliokuwa sekondari walishajua kusoma, wakawa wanapoteza nusu saa kwa jambo walilokwisha kulimudu. Mtoto anayehangaika na silabi yuko mahali pengine kabisa. Hata hivyo tathmini hiyo inatukumbusha kuwa kuwaketisha watoto wawili mbele ya kitabu peke yake si dawa. Inategemea wanafanya nini wakishaketi.

Je, huu ni mpango ulioletwa na wafadhili?

Wafadhili wameukuta. Kwenye vyuo vya Kurani vya mwambao, kutoka Lamu hadi Kilwa na visiwani, mwalimu mmoja amekuwa akishika watoto wa umri wote kwenye baraza moja, na aliyekwisha kufika mbali kwenye juzuu humsikiliza aliye kwenye alifu na be. Mwalimu anabaki na wale wakubwa na kazi ya kupitisha nani asonge mbele. Mtu aliyekulia Pangani au Unguja hahitaji kuelezwa semina nzima juu ya jambo hili.

Ulaya wenyewe waliuchukua kutoka India. Andrew Bell, kasisi wa Uskoti aliyesimamia kituo cha watoto yatima huko Madras, aliwaona watoto wa shule ya wenyeji wakifundishana herufi kwa kuziandika mchangani kwa vidole. Akaanza kuwatumia wanafunzi wake kufundishana, na mwaka 1797 akachapisha maelezo ya jaribio lake. Mwaka uliofuata Joseph Lancaster akafungua shule yake London kwa mtindo unaofanana nao, ambako mwalimu mmoja alitawala mamia ya watoto kupitia viranja. Mtindo ukaenea dunia nzima kwa sababu ulikuwa rahisi kwa gharama. Ukaja kufifia kwa sababu ulikuwa wa kukariri na amri tupu: kiranja hakuwa na la kufanya ila kurudia alichoambiwa na kuripoti makosa. Shule yoyote inayotaka kutumia wanafunzi ili isiajiri walimu inarudi huko huko kwa Lancaster.

Na tusisahau ya kwetu. Wakati wa kampeni ya kufuta ujinga miaka ya 1970, madarasa ya watu wazima Tanzania yalibebwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, wakiwemo vijana waliomaliza darasa la saba tu.

Tuchague wakubwa wa namna gani? Wale wanaoshika nafasi ya kwanza hadi ya kumi?

Hapana. Hili ndilo swali linalostahili kikao kizima cha walimu.

Mwanafunzi bora wa darasa mara nyingi hana subira na mtu asiyeelewa. Kwake kusoma kulikuja kama kupumua, hakumbuki alijifunza vipi, na mdogo akikwama mara mbili anamnyang'anya kitabu amsomee. Anayefaa ni yule mtulivu, anayekuja shule kila siku, ambaye wadogo zake nyumbani wanamkimbilia. Muulize mwalimu wa zamu ni nani huwafunga watoto vifungo wakati wa paredi bila kutumwa. Huyo.

Halafu liko jambo ambalo walimu hulisema kwa sauti ya chini. Si wakubwa wote wanajua kusoma. Uwezo, mpango wa kiraia unaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walipoanza kupima watoto nyumba kwa nyumba mwaka 2010, kwa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, karibu mwanafunzi mmoja kati ya watano wa darasa la saba hakuweza kuisoma hadithi hiyo ya Kiswahili. Wa darasa la tatu walioweza walikuwa takriban watatu kati ya kumi. Mambo yamesogea tangu wakati huo, lakini kila mwalimu wa darasa la tano ana majina matatu au manne kichwani mwake anaposoma takwimu hizo.

Watoto hao watatu au wanne wasiachwe nje. Mvulana wa miaka kumi na miwili anayesoma kwa kusuasua hawezi kufungua kitabu cha darasa la kwanza mbele ya wenzake, watamcheka mpaka ahame shule. Lakini akipewa kazi ya kumsikiliza mtoto wa darasa la kwanza, ana sababu halali ya kukishika kile kitabu, kukipitia jana yake ili asiaibike, na kukisoma tena na tena. Mpe mdogo aliye ngazi za chini kabisa, wa silabi na maneno mafupi, na mwalimu ampitishe kwanza kwenye kurasa za siku hiyo. Usimtangaze. Kwenye orodha ya ukutani jina lake likae katikati ya majina mengine.

Vipi darasa la saba? Ndio wakubwa zaidi.

Waache. Wana mtihani wa taifa, wana mitihani ya majaribio ya kata na wilaya, na wazazi wao hawatakuelewa. Darasa la nne nao wana upimaji wao wa kitaifa. Wanabaki la tano na la sita. Kumbuka pia kuwa Sera ya Elimu, toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, kwa hiyo mabadiliko hayo yakifika shuleni kwako darasa la sita ndilo litakuwa la mtihani, na jicho lako liwe kwa la tano.

Tofauti ya madarasa matatu au manne inatosha. Ikipungua sana, mdogo anaanza kubishana. Ikizidi sana, anaogopa.

Mwanangu nimempeleka shule asome, si afundishe watoto wa watu. Kwa nini mnampotezea muda?

Mzazi ana haki ya kuuliza hivi na hapaswi kujibiwa kwa mkato. Dakika 20 mara tatu ni saa moja kwa wiki. Saa hiyo isichukuliwe kutoka kwenye kipindi cha hisabati wala cha lugha. Itoke kwenye muda wa usafi wa asubuhi, wa mapumziko au wa michezo, na kwa zamu. Shule inayomtoa mtoto darasani ili asikilize wadogo imekosea, na mzazi akilalamika yuko sahihi.

Anachopata mwanao ni kusoma kwa sauti mara nyingi kuliko mwenzake aliyebaki uwanjani, na kulazimika kueleza neno analodhani analijua. Mwambie mtoto yeyote akueleze maana ya "ingawa" utaona kazi ilipo. Walimu wa insha huona tofauti, hasa pale wakubwa wanapoandika hadithi za kuwasomesha wadogo, jambo tutakalolifikia hapo chini.

Waiteni wazazi kwenye mkutano kabla ya kuanza, kamati ya shule iwepo, na mzazi asiyetaka mwanawe ashiriki asibembelezwe.

Mkubwa afundishwe nini kabla ya kupewa mdogo?

Mchana mmoja unatosha kwa kuanzia, na mwalimu akae nao dakika kumi kila Ijumaa. Mambo ya kumfundisha ni machache ila anahitaji kuyafanyia mazoezi na mwenzake huku wengine wakitazama.

Akae ubavuni mwa mdogo, si mbele yake, ili wote waone maandishi yamesimama sawasawa. Kidole cha kufuata mstari kiwe cha mdogo. Wiki za mwanzo wasome kwa pamoja, sauti ya mkubwa ikiwa chini kidogo, na mdogo akijisikia yuko tayari kwenda peke yake agonge dawati; mkubwa ananyamaza papo hapo. Mdogo akikwama, mkubwa ahesabu kimoyomoyo moja mpaka tano kabla ya kufungua mdomo. Hapo kwenye kuhesabu ndipo penye kazi, maana watoto wote, na walimu wengi, hawavumilii ukimya; wanamdokolea jibu kabla hajafikiri. Ikifika tano na neno halijatoka, amwambie neno zima, mdogo alirudie, warudi mwanzo wa sentensi na kuendelea. Asimfanyie mtihani wa silabi juu ya kila neno gumu, hadithi itafia njiani.

Mwisho wa ukurasa aulize swali moja: nani alifanya nini, au unadhani kitatokea nini. Moja tu. Na asiseme "umekosea". Aseme neno lenyewe lilivyo.

Mdogo anasoma ukurasa mzima bila kukosea, lakini ukimwonyesha neno moja halijui. Hii ni nini?

Anaimba kitabu. Amekisikia mara nyingi hata kimekaa kichwani, anaangalia picha ya mbuzi na kutoa sentensi ya mbuzi. Si udanganyifu, mtoto mwenyewe anaamini anasoma, na kukariri huko ni hatua ya kawaida ya mwanzo. Ila asiishie hapo.

Mkubwa afunike picha kwa mkono. Amwonyeshe neno la katikati ya mstari. Amwombe asome mstari kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza, watoto wanaliona kuwa mchezo na wanacheka sana. Au aandike maneno yale yale kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio mwingine: "Mbuzi amekula majani" igeuke "Majani amekula mbuzi". Anayesoma kweli atasita, atakutazama usoni, halafu atacheka. Anayeimba atakusomea ile ya kwanza bila wasiwasi wowote.

Makosa gani hutokea zaidi kwenye kusoma Kiswahili?

Kiswahili ni rahisi kukitamka kutoka kwenye maandishi. Herufi inabaki na sauti yake, irabu ni tano na hazibadiliki, silabi karibu zote zinaishia na irabu. Ndiyo sababu mtoto aliyeshika silabi vizuri anaweza kutamka neno ambalo hajawahi kulisikia. Ugumu uko kwingine.

Kwanza ni herufi zinazoambatana: mb, nd, nj, ny, sh, ch, dh, gh, na zile zinazovuta w au y nyuma yake kama mbwa, nywele, kwapa. Mtoto aliyezoea ba-be-bi anakutana na "nywele" anaona msururu wa herufi usio na mlango. Kisha kuna ng' na ng. Ng'ombe na ngoma vinaanza kwa sauti mbili tofauti na kinachozitofautisha kwenye karatasi ni kialama kidogo ambacho hata vitabu vingine hukisahau.

Pili ni urefu wa maneno. Kiswahili kinabeba sentensi nzima ndani ya kitenzi. "Hawakutuandikia" ni silabi nane, na mtoto akifika "ki-a" ameshasahau alianza na "ha-wa", kwa hiyo anajibu kuwa waliandika. Mkubwa amsaidie kwa kidole: funika, onyesha silabi mbili, ongeza mbili, halafu lisomwe neno zima tena kwa pumzi moja. Hiyo mara ya pili ndiyo ya maana, na ndiyo inayorukwa.

Tatu ni yale ambayo si makosa. Mtoto anayesema "zambi" mahali pa dhambi au "selasini" mahali pa thelathini amesoma. Hivyo ndivyo wanavyosema kwao, na pengine ndivyo mwalimu wake anavyosema. Mkubwa asipoteze dakika zake hapo. Kwenye l na r awe makini kidogo, kwa sababu kula na kura, mahali na mahari ni vitu tofauti. Amwulize mdogo maana, na akiieleza vizuri wasonge mbele.

Watoto wetu nyumbani wanaongea Kisukuma. Mkubwa aruhusiwe kueleza kwa lugha ya nyumbani?

Aruhusiwe. Kitabu ni cha Kiswahili, kusoma ni kwa Kiswahili, lakini mtoto aliyetamka "kisima" vizuri na hajui kisima ni nini anasaidiwa na neno moja la nyumbani kuliko maelezo marefu ya Kiswahili asichokielewa. Hapa mkubwa anamzidi mwalimu aliyepangiwa kituo kutoka mkoa wa mbali. Kwa kuwa tahajia ya Kiswahili haina mitego mingi, watoto wengi wa Shinyanga, Dodoma vijijini au Umasaini hutamka kurasa nzima bila kupata habari iliyomo, na mtu asiyewauliza maana hawezi kugundua.

Shule zinazowavisha watoto kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama zinajiondolea msaada huu bure.

Vitabu vya kutosha hatuna. Tufanyeje?

Jozi hazihitaji kusoma kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo nakala kumi na tano za vitabu vya aina yoyote zinatosha jozi kumi na tano. Hiyo ni nafuu ambayo kipindi cha darasa zima hakina. Kadi za silabi zinakatwa kwenye maboksi ya sabuni. Mifuko ya unga, pakiti za majani ya chai na vichwa vya habari vya gazeti la wiki iliyopita vinafaa kwa waliofika kwenye maneno.

Chanzo kizuri kuliko vyote ni wakubwa wenyewe. Mdogo amsimulie mkubwa jambo, jinsi fisi alivyoingia zizini au bibi alivyokuja na ndizi, mkubwa aliandike kwa herufi kubwa zilizoachana, mistari sita au minane, mwalimu asahihishe, mdogo achore picha. Daftari moja la kurasa 48 linabeba hadithi ishirini na zaidi. Watoto wanagombania kusoma hadithi yenye jina la mwenzao, na mtoto anayesoma maneno yaliyotoka kinywani mwake hapati shida ya maana.

Wakae wapi, na saa ngapi?

Mahali pa wazi panapoonekana: veranda, chini ya mwembe, darasa lenye milango wazi. Muda mzuri ni asubuhi baada ya usafi, au saa nne baada ya uji kama shule inatoa uji, maana mtoto mwenye njaa hasomi. Mchana haufai, darasa la kwanza na la pili hutoka mapema na wakubwa wamechoka. Shule zenye awamu mbili zitumie lile dirisha la kupishana, awamu moja inapotoka na nyingine inapoingia, lakini zihakikishe wadogo hawarudi nyumbani peke yao baadaye kuliko kawaida.

Jozi thelathini zikisoma kwa sauti pamoja ni kelele. Watoto hawasumbuki nayo. Anayesumbuka ni mwalimu mkuu, ofisi yake ikiwa karibu.

Mkubwa akimpiga mdogo, au akimtuma dukani?

Anaondolewa siku hiyo hiyo. Kanuni za adhabu ya viboko Tanzania zinaweka mamlaka hayo kwa mwalimu mkuu na yule aliyemteua. Mwanafunzi hana, wala kofi, wala kufinya sikio, wala kumpigisha magoti. Kenya adhabu hiyo imekatazwa kabisa shuleni. Wakubwa waambiwe hivyo siku ya kwanza mbele ya wadogo, ili wadogo nao wajue.

Kutumwa ndiko kunakoingia kimyakimya zaidi: nichukulie mandazi, nifulie soksi, nibebee ndoo. Kwetu mkubwa kumtuma mdogo ni jambo la kawaida, kwa hiyo bila katazo la wazi litatokea. Katika zile dakika 20 hakuna kutumwa. Jozi zisiende mahali pasipoonekana, mkubwa asimpeleke mdogo chooni wala nyumbani kwake kwa jina la kusoma, na mwalimu mmoja awepo akizunguka muda wote. Asipokuwepo mwalimu, siku hiyo hakuna kusoma kwa jozi.

Wavulana na wasichana wachanganywe?

Msichana mkubwa na mvulana mdogo hawana tatizo mahali pengi. Kwa mengine sikiliza wazazi wa hapo. Jambo la kuangalia zaidi ni kwamba kazi yote isiwaangukie wasichana kwa kuwa "wanajua kulea", wakati wavulana wako kwenye mpira.

Tutajuaje kama mdogo anasonga mbele?

Tumia ngazi tano zilizozoeleka: herufi, silabi, neno, aya, hadithi. Mwalimu, si mkubwa, ampime kila mdogo mwanzoni na kila mwisho wa mwezi. Ni dakika mbili kwa mtoto. Ngazi aliyopo iandikwe kwa penseli nyuma ya daftari lake. Kwa walio kwenye hadithi, lengo lililowekwa nchini ni maneno 50 sahihi kwa dakika mtoto anapomaliza darasa la pili, lakini usimkimbize mtu na saa kabla hajaanza kuelewa anachosoma.

Mtoto asiyesogea ngazi hata moja kwa muhula mzima wakati anahudhuria, usimlaumu yeye wala mkubwa wake. Mkalishe mbele umwone anavyokodoa macho. Mwite kwa nyuma uone kama anasikia. Ongea na mzazi waende zahanati au hospitali ya wilaya. Wengine macho na masikio ni mazima na bado herufi zinawachanganya. Hao wanahitaji mwalimu mwenye elimu maalumu, na kumwachia mtoto wa darasa la tano mzigo huo ni kuwaonea wote wawili.

Mimi niko darasa la sita. Mtoto niliyepewa hataki kusoma, anainamisha kichwa tu. Nimfanyeje?

Msomee wewe. Chagua hadithi fupi, msomee yote, kesho msomee tena, kesho kutwa acha neno la mwisho la kila sentensi alimalizie yeye. Usimuulize maswali wiki hiyo. Mwite kwa jina lake, usimwite "wewe dogo". Kama bado hataki, mwambie mwalimu mapema, atawabadilisha, na wala haina maana kwamba umeshindwa. Kuna watoto wanaogopa watu fulani bila sababu tunayoijua.

Wakubwa wapewe posho au zawadi?

Posho hapana. Daftari na kalamu mwisho wa muhula, na jina kutajwa paredi, vinatosha.

Inafaa pia kwa kusoma Kiingereza?

Kwa shule nyingi za serikali, bado. Kwenye Kiingereza herufi hazina sauti moja, mkubwa mwenyewe anabahatisha, na kosa lake linakaa kwa mdogo miaka mingi. Mtoto akishasoma hadithi ya Kiswahili bila kukwama ndipo muongeze nyimbo na maneno ya picha ya Kiingereza, mwalimu akiwa karibu.

Mkubwa akiwa mgonjwa au akihama, mdogo wake anaenda kwa nani?

Wawe na akiba: kwa kila jozi kumi, wakubwa wawili wasio na mdogo wa kudumu. Siku wote wamefika, wawili hao waandike hadithi mpya au watengeneze kadi. Mdogo naye akikosa, mkubwa wake aende akiba, asirudi uwanjani, la sivyo mtaona utoro wa wadogo unaombewa. Na mwezi wa kumi na moja, kabla ya kufunga shule, kila jozi ikabidhi kwa mwalimu daftari la hadithi na ngazi aliyofikia mtoto, ili Januari mwalimu mpya asianze tena na a, e, i, o, u kwa mtoto aliyekwisha kufika kwenye aya.